Walivyomgawa Ephraimu

Kioo cha lile kasha kilianza kuweka ukungu kwa ndani siku chache tu baada ya kumaliza msiba, na Abdiel, kwa kuwa ni mtu anayependa kila jambo liwe na sababu yake, alisema ni baridi.

Na kweli baridi ilikuwepo. Julai ya Arusha haina mchezo. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu kutwa nzima kama mgonjwa aliyekataa kuonana na wageni, na watu wa Kijenge walikuwa wanatembea na makoti mpaka saa za chakula cha mchana. Abdiel akachukua kitambaa, akafuta. Ukungu haukutoka, uko kwa ndani. Akafungua ule ubavu wa kioo, akafuta vizuri, akafunga. Kesho yake jioni ukungu umerudi, palepale, mviringo mdogo kama wa mdomo wa kikombe, vile mtoto anavyosogeza uso kwenye dirisha la gari akapuliza.

"Kabatini kuna glasi, ukutani kuna kioo, na madirisha tunayo," mkewe, Mama Angel, akamwambia. "Hiyo baridi yako mbona imechagua kitu kimoja?"

"Baridi nayo ina vitu inavyovipenda," Abdiel akajibu, akacheka. Alicheka peke yake.

Alikuwa mtu wa utani tangu ujana. Alikuwa na duka la magodoro barabarani, na kila mteja aliambiwa maneno yaleyale: godoro hili ukililalia, jogoo mwenyewe atakuja kugonga kuuliza kama uko mzima. Watu walinunua wakicheka. Sasa muuza magodoro huyo alikuwa analala nusu jicho, sebuleni kwake kuna kasha tupu la chuma linalopumua.

Kasha hilo lilikuwa fungu lake katika mgao wa vitu vya Ephraimu.

Ephraimu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Kaka alipofariki, Abdiel alimchukua kijana pamoja na mama yake, Agnela, akawapa vyumba vya uani. Kijana akakua hapo, akawa mpiga video: harusi, kipaimara, na misiba pia, maana siku hizi hata msiba usipopigwa video watu wanaona kama haujaisha. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akirudi nyumbani na boksi, analipandisha juu ya kabati bila kulifungua. Baada ya muda, boksi jingine. Mama yake akiuliza, anacheka: "Subiri, mama. Yakitimia utaona."

Hayakutimia. Lori la mchanga lilimkuta na pikipiki yake mchana kweupe. Wakamsafirisha, wakamzika Old Moshi kwenye migomba, ubavuni kwa baba yake.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa kugawa vitu, na msemaji wa ukoo ni Abdiel. Yeye ndiye mwenye diploma, na ndiye mwenye sauti. Mashati yakaenda, viatu vikaenda, koti la ngozi likagombewa kidogo likaenda. Yakabaki maboksi. Abdiel akayapima kwa mikono, moja moja, kama mtu anayechagua kabichi sokoni. Lile kubwa kuliko yote, lenye kasha refu la chuma na ubavu wa kioo, akajipa mwenyewe kwa kuwa ni baba mdogo. Lile zito likaenda kwa dada yake, Kandida, ambaye aliamini mpaka mwisho kwamba amepewa stabilaiza ya friji. Lile pana na jembamba akapewa Ndesanjo, binamu yake marehemu. Vile vidogo vidogo vilivyobaki akavikusanya kwenye mfuko, akampa mama mzazi.

"Kila mtu awe na cha kumkumbukia," alisema. Wazee wakaitikia kwamba mgao umekaa sawa, na mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka.

Agnela akaanza kuacha kula. Hakufanya kwa kishindo. Aliacha kama mtu anavyoacha sigara: leo nyama, wiki inayofuata ndizi, mwisho hata uji unarudi jikoni umeganda juu. Walimpeleka hospitali, wakamtundikia dripu, wakaambiwa hana ugonjwa. Mchungaji akaja, akasali, akapewa chai, akaondoka. Agnela akiulizwa hakukasirika. Alieleza kwa upole, kama anaelekeza mtu njia ya kwenda stendi.

"Anakuja jioni, shemeji. Anasimama mlangoni, haingii. Ananiuliza, mama, mbona sijatimia? Sasa mimi nitamezaje chakula, na mtoto yuko mlangoni hajatimia?"

Abdiel alimwangalia shemeji yake, kanga inamzunguka mara mbili mwilini, na alijua kwamba asipokula, safari nyingine ya Old Moshi haiko mbali.

Lemomo alifika katikati ya mambo hayo. Alikuwa rafiki wa Ephraimu, Mwarusha mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta Sombetini, na msiba ulimkuta yuko kazini Dodoma. Alikuja kutoa pole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu, kaa. Umekonda, au ni koti ndilo limenenepa?"

Lemomo akatabasamu, ila macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kona lilikosimama lile kasha. Akaliangalia kwa muda. Chai ililetwa, hakuigusa.

"Vingine viko wapi, mzee?"

"Vingine vipi?"

"Vya ndani yake."

Abdiel akamweleza jinsi walivyogawa, tena kwa kujisifu kidogo, maana mgao ule haukuleta ugomvi. Lemomo alisikiliza kichwa kikizidi kuinama.

"Mzee, hicho ni kitu kimoja."

"Kimoja vipi? Maboksi yalikuwa mengi, nimeyabeba kwa mikono yangu."

"Ni kompyuta moja. Huyu jamaa yangu alikuwa anainunua kipande kipande, aje aiunge mwenyewe. Alikuwa ananipigia simu kila akipata kipande. Hilo hapo ni mwili tu. Kile kizito cha dada yako ndicho kinaingiza umeme. Kile kipana ni kama uti wa mgongo, kila kitu kinashikilia pale. Na ubongo..." Akaangalia upande wa uani. "Ubongo anao mama."

Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu: "Mwili huku. Mgongo kule. Ubongo uani. Mmemgawana kama mbuzi, mzee."

Abdiel alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kwa mazoea, halafu kikakatika. Maana ndivyo alivyofanya hasa. Maisha yake yote alikuwa amekaa kwenye vikao vya ukoo akiona mbuzi anavyokatwa: kidari cha fulani, mguu wa fulani, utumbo wa akina mama, kila mtu na ukubwa wake. Mkono wake ulifuata njia hiyohiyo bila kumuuliza. Kikubwa kwa mkubwa, kizito kwa dada, vya ndani kwa mama.

Akageuka kuangalia kasha. Kioo kilikuwa na ukungu.

"Basi ndiyo hiyo," sauti ikasema. Agnela alikuwa amesimama mlango wa uani, ameshika fremu. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. "Ndiyo anayoniambia kila siku, na mimi sikuelewa. Shemeji, muunge."

"Nitafute fundi?"

"Fundi hakumgawa. Mkono uliomgawa ndio umuunge. Siku ukimaliza, nitakula."

"Shemeji, mimi nauza magodoro. Hata rimoti ya TV, Mama Angel ndiye ananibadilishia betri."

"Utajifunza," Agnela akasema, akarudi chumbani kwake akishika ukuta.

Kwanza ilibidi vitu virudi, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kwao, kitu cha marehemu kikishalala nyumbani kwa aliyepewa, hakirudi. Kukirudisha ni kama kusema mgao ulikuwa wa uongo na msiba haukwisha. Abdiel alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine. Akakata jani la isale, ambalo Wachaga huombea radhi, kwenye ua wa nyuma, akalifunga fundo vizuri, akalificha ndani ya koti, akaenda Sombetini kwa dada yake.

Kandida alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwenye mdomo, na aliposikia habari alisimama.

"Msemaji mzima! Umesimama mbele ya watu ukatugawia kwa Kiswahili cha redioni, leo umerudi kukusanya? Kesho utafuata na shati alilopewa mzee Elia, tayari amelivaa kanisani?"

"Shati sina shida nalo. Nataka stabilaiza."

"Kumbe si stabilaiza? Ndiyo maana friji imekataa." Akakaa tena. Hasira ikampungua ghafla, akasogeza kiti karibu na kaka yake, akashusha sauti ingawa walikuwa wenyewe. "Kaka, nikwambie kitu usinicheke. Nililiweka pale mlangoni, lizuie mlango usijifunge. Usiku waya wake naukunja vizuri, nauweka nyuma ukutani. Asubuhi naukuta umenyooka, umelala kizingitini, kichwa chake kimeangalia barabarani. Nikadhani panya. Nikaweka sumu. Panya wamekufa, waya bado unatoka."

"Unataka kwenda nyumbani," Abdiel akasema, akashangaa kusikia maneno hayo yanatoka mdomoni mwake bila utani wowote.

"Sasa kama unataka kwenda, utabebaje kitu kilichokwisha kulala kwangu?"

Abdiel akatoa isale kwenye koti. Kandida alipoliona lile jani limefungwa fundo, aligeuza uso, maana isale likishaletwa mbele yako huwezi kusema hapana. Alilipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akamtukana kaka yake kidogo kwa kumliza mchana wote ule, kisha akaenda kuleta ule mzigo.

Ndesanjo, kule Terrat, hakusubiri jani. Yeye alikuwa amekitundika kile kipande ukutani kama pambo, maana kilimpendeza, kilionekana kama mji ukiuangalia kutoka kwenye ndege. "Chukua, baba mdogo," alisema hata kabla ya salamu kwisha. "Tangu nimekitundika mbwa wangu haingii ndani. Anakaa nje anakiangalia kama anamngoja mtu."

Jumapili baada ya ibada, meza ya sebuleni iliondolewa kitambaa. Kandida alikuja, akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani kama yuko zahanati. Agnela aliletewa kiti karibu na meza. Mfuko wake wa vitu vidogo aliuweka mwenyewe mbele ya Abdiel. Ulikuwa na joto la mto, alikuwa anaulalia.

Lemomo alikuja, lakini hakuingia ndani. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka nje chini ya dirisha, akakaa ameipa nyumba mgongo, ameangalia migomba.

"Kijana, fundi gani huyo anayeangalia migomba?"

"Mzee, nisamehe. Mimi nimelelewa na bibi yangu, na bibi hakuwa na mchezo. Mtu akishaondoka, asiye damu yake hashiki kitu chake, na jina lake halitajwi. Nikigeuka nitatamani kushika. Wewe shika, mimi nitasema. Hizi kazi nazijua hata nikiwa nimefumba macho."

"Basi tuko sawa. Mmoja anajua na haoni, mwingine anaona na hajui."

Hata Kandida alicheka. Agnela hakucheka.

"Vua sweta," Lemomo akaanza. "Sufu ina umeme wake, itachoma vitu. Halafu gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kushika chochote."

Abdiel akavua, akagusa. Chuma hakikuwa na baridi.

Wakaanza na ule mgongo, mazabodi, ukalazwa mezani juu ya boksi lake. Katikati kulikuwa na kikalio kidogo cha mraba chenye kijiti cha chuma pembeni. Lemomo akamwambia ainue kijiti, afungue, achukue prosesa kwenye kile kiboksi kidogo kuliko vyote. Abdiel akaitoa. Kitu chenyewe ni kidogo kama biskuti, juu kinang'aa.

"Huu ndio ubongo?" Kandida akauliza. "Mbona hata ubongo wa kuku unauzidi?"

"Kuna alama ya pembetatu kwenye pembe," Lemomo akasema kule nje. "Ilingane na pembetatu ya kwenye kikalio. Usibonyeze, mzee. Iachie tu, itakaa yenyewe. Ukilazimisha umeiua."

Vidole vya Abdiel, vilivyozoea kupiga magodoro makofi ili mteja aone yanavyodunda, viliishika kwa ncha tu. Akaiachia. Ikakaa. Lemomo akamwambia sasa arudishe kijiti, na asiogope kikilia. Kililia. Sauti kama ya mfupa unaorudishwa mahali pake. Agnela alivuta pumzi kwa nguvu, akashika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, pale ambapo Ephraimu alivunjika alipokutwa barabarani.

Nje, Lemomo alisubiri, kisha akauliza kama imekaa. Abdiel akasema imekaa.

Vikafuata vijiti vya RAM, kumbukumbu ya mashine, vinavyopigwa kwa dole gumba mpaka vilie ka. Ikafuata dawa nyeupe ya kuweka juu ya prosesa. "Kiasi cha punje ya mchele," Lemomo akasema. Abdiel akauliza mchele wa Kyela au wa Mbarali, akaambiwa mchele wowote ila usiwe ubwabwa. Juu ya dawa likaja feni dogo lenye miguu. Halafu mgongo mzima ukainuliwa, ukaingizwa ndani ya kasha, na skrubu zikaanza. Skrubu moja ilidondoka ikapotelea ndani. Abdiel aliinua kasha akalitikisa, akaona aibu katikati ya kutikisa, akalishusha polepole kama mtu aliyemwamsha mtoto.

Kile kizito cha Kandida kiliingia chini, nyuma. Waya zake zikawa nyingi kuliko akili ya mtu. Abdiel alichomeka wa kwanza, mpana. Akachomeka ile midogo ya kibonyezo cha kuwashia, myembamba kama nywele, mkewe akimshikia tochi ya simu. Akaubakiza mmoja, akautafutia pa kwenda hakuona, akajiambia wenye kiwanda wameweka wa akiba, akaukunja akauficha nyuma. Wakaunganisha kasha na TV ya sebuleni.

Ilikuwa jioni sasa, mwanga bado upo, jua limepata upenyo kati ya mawingu na kugusa bega la Meru kidogo. Ndiyo saa yenyewe ambayo Ephraimu alikuwa anakuja mlangoni.

"Washa," Agnela akasema.

Abdiel akabonyeza. Mafeni yakashtuka, yakazunguka, yakatoa sauti laini. Kandida akasema "Yesu wangu." Wote wakageukia TV.

TV ilibaki nyeusi. Walisubiri. Mafeni yanazunguka, kioo cheusi kimya, na ndani ya weusi huo wanajiona wenyewe wamekaa.

"Anapumua," Agnela akasema, "ila haoni." Akashika meza, akaanza kuinuka. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Abdiel alimwona anavyoelekea mlango wa uani, na akajua kwamba akiingia chumbani safari hii hatatoka kwa miguu yake.

"Lemomo!" akapiga kelele. "Inazunguka lakini haionyeshi kitu!"

"Waya wa juu kushoto umeweka? Ule unaokwenda karibu na prosesa, wa matundu manane. Huo ndio unaupa ubongo umeme."

Abdiel akahisi jasho linamtoka kwenye baridi ile. Waya wa akiba. Akazima, akauchomoa kule alikouficha. Kona yenyewe ilikuwa finyu, vidole vinene havipiti. "Shemeji, kaa," alikuwa anasema huku anasukuma, "kaa shemeji, ni mimi, ni ujinga wangu, yeye hana kosa, kaa." Ukaingia. Ukalia ka.

Akabonyeza tena.

Mafeni. Kimya. Halafu TV ikajaa mwanga wa bluu, na maandishi, na namba.

"Imewaka!" Mama Angel akapiga kigelegele kifupi, akajizuia.

"Mmeona ukurasa wa bluu?" Lemomo akauliza. "Basi hongera, mzee. Ukurasa huo ni wa mashine kujitazama. Haitakwenda mbele zaidi ya hapo, maana jamaa alikuwa bado hajanunua diski. Ndani hakuna kitu. Hakuna picha, hakuna sauti yake, hajawahi kuigusa. Mwambieni mama asije akategemea..."

Hakumaliza, au kama alimaliza hawakumsikia. Agnela alikuwa amesogea mpaka mbele ya TV. Hakuwa anasoma maandishi. Kidole chake kilikuwa kwenye pembe moja, penye namba inayobadilika.

"Shemeji, hii ni nini?"

Abdiel akavaa miwani. "Joto. Ni joto la huo ubongo."

Lilikuwa linapanda. Ishirini na sita. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Lilikuwa linapanda polepole, kama mtu aliyetoka kwenye baridi akaingia jikoni. Thelathini na nne. Kandida alikuwa amesimama. Thelathini na sita. Ikafika thelathini na saba, ikatulia hapo. Haikupanda tena. Haikushuka.

Kila mama aliyewahi kumpima mtoto homa anaijua namba hiyo.

"Hana homa," Agnela akasema. Akaweka kiganja juu ya kioo cha kasha. Kioo kilikuwa kikavu, hakuna ukungu hata kidogo, na ndani yake feni linazunguka. Alikaa na kiganja pale muda mrefu. Alimwambia maneno fulani kwa Kichaga, chinichini, na Abdiel, aliyeyaelewa yote, aliangalia sakafu kwa kuwa hayakuwa ya kwake.

Kisha Agnela akasema, "Mama Angel, mmepika nini?"

Mtori uliletwa. Bakuli lilifika mikononi mwake, na sebule nzima ilimwangalia mwanamke mzima anakula kijiko cha kwanza. Alimeza. Akachukua cha pili. Mama Angel aligeukia ukuta akalia kwenye kanga. Abdiel akavuta kiti akakaa, na ndani yake utani ulianza kurudi, alikuwa anatafuta wa kusema, kuhusu mtori na diploma.

Umeme ukakatika.

Taa ikazima, TV ikazima, redio ya jirani ikakatika katikati ya kwaya. Kijenge nzima ilikaa kimya kama inavyokaa. Kulikuwa na mwanga wa jioni dirishani, wa kutosha watu kuonana nyuso.

Agnela alisimamisha kijiko, akaangalia kasha. Wote wakaangalia.

Feni lilikuwa linazunguka.

Lilipunguza mwendo, wakangoja lisimame, halikusimama. Lilizunguka taratibu, unaweza kuona kila jani lake linavyopita, linakwenda na kurudi kwenye mwanga kama kifua cha mtu aliyelala. Agnela alirudisha kijiko kwenye bakuli, akaendelea kula.

Abdiel akainuka. Akafuata waya ukutani, kwa kuwa ni mtu anayependa kila jambo liwe na sababu yake, akaing'oa plagi. Akasimama nayo mkononi. Feni linazunguka.

"Lemomo," akaita, sauti yake ndogo. "Umeme ukikatika, feni la kompyuta linaendelea muda gani?"

"Sekunde mbili tatu hivi, mzee, halafu linasimama." Kijana alikuwa bado ameangalia migomba. "Kwa nini?"

Kijiko kiligonga bakuli, kikapanda, kikashuka. Kandida alikuwa amekumbatia mkoba wake. Agnela alikula mpaka chini, akakwangua pembeni, akalamba kijiko, akaweka bakuli mezani.

"Nimeshiba, baba," akaliambia kasha. "Nenda kapumzike."

Jani moja la feni likapita mbele ya mwanga. Likapita jingine, polepole zaidi. La tatu lilifika nusu, likakaa hapo.

"Mzee?" Lemomo akaita kule nje. "Umenisikia? Nimesema sekunde mbili tatu tu."

"Nimekusikia, kijana wangu," Abdiel akasema, na plagi bado iko mkononi mwake.